Shajara ya mradi: when, while, before na kitabu cha OB

Jumatatu: kijitabu ni cha nani

Kijitabu hiki ni cha darasa la jioni la watu wazima hapa Mombasa. Wengi wao ni walinzi wa majumba na maghala, wachache ni wapokezi wa wageni katika hoteli za upande wa Bamburi. Kuongea Kiingereza hakuwatishi. Shida huja saa kumi na mbili asubuhi, zamu inapokwisha na kitabu cha OB (Occurrence Book, yaani kitabu cha matukio) kimefunuliwa mezani: andika yaliyotokea usiku, kwa Kiingereza, yafuatane vizuri, halafu tia sahihi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini waajiri wa wanafunzi hawa wanataka OB ya Kiingereza, na aliyeajiriwa habishani.

Nimeamua kijitabu kisiguse sarufi yote. Kitahusu jambo moja tu: viunganishi vya wakati na vitenzi vya wakati uliopita vinavyoandamana navyo. Sababu ni sentensi tatu nilizoziandika ubaoni wiki iliyopita:

“When the lorry arrived, the guard opened the gate.”

“When the lorry arrived, the guard was opening the gate.”

“When the lorry arrived, the guard had opened the gate.”

Ya kwanza: lori lilifika, ndipo mlinzi akafungua. Ya pili: lori lilimkuta anafungua. Ya tatu: lori lilipotokea, geti lilishafunguliwa kitambo. Kiunganishi ni kilekile na nusu ya kwanza ni ileile. Tofauti yote imo katika kitenzi cha mlinzi, na kwenye ghala lenye mali ya watu tofauti hiyo inaweza kuzaa barua ya onyo. Darasa lilizisoma zote tatu kwa sauti likaniambia maana yake ni moja. Hapo ndipo mradi ulipoanzia.

Jumatano: orodha imepunguzwa

Vimebaki saba: when, while, before, after, until, as soon as, by the time.

“As” nimeitoa. Mara ni wakati, mara ni sababu, mara ni mfano, na mtu aliyekesha usiku kucha hahitaji neno la namna hiyo alfajiri. “Since” itapata ukurasa wake mwishoni, kwa kuwa haikai na wenzake: kishazi chake huwa cha wakati uliopita, lakini kishazi kikuu hutaka have au has, kama “I have worked here since I left school.” Ukiitia katikati ya hizi nyingine, inavuruga kila kitu.

“No sooner... than” na “hardly... when” ni mambo ya mtihani. Aliyefanya KCSE anakumbuka zile sentensi za kuandika upya kwa kufuata maagizo. Mwanafunzi mmoja aliniletea yake kwa fahari: “No sooner had the thief seen me than he jumped over the wall.” Sentensi safi, haina doa. Nimemwambia aitunze kwa siku ya usaili. Kwenye OB, “as soon as he saw me, he jumped over the wall” inatosha, na supavaiza ataisoma mara moja tu.

Ijumaa: ukurasa wa before

Ukurasa huu ulijiandika wenyewe, maana madaftari yamejaa mfano mmoja kwa sura nyingi: “I called the supervisor before the police did not come.” Anayejua Kiswahili anaona mara moja ilikotoka. Sisi husema “kabla polisi hawajafika”, kwa ukanushi, kwa sababu katika saa ile inayosimuliwa kufika kulikuwa bado. Kiingereza kinasimama leo na kutazama nyuma. Leo polisi wameshafika na kuondoka, kwa hiyo tendo ni la wakati uliopita bila ukanushi wowote: “before the police came”. Supavaiza akikuta “did not come” ataelewa kwamba polisi hawakuonekana usiku mzima, na huenda akapiga simu kituoni kuulizia.

Zoezi nililoweka ni la kugeuza. Upande wa kushoto: kabla hajaingia, kabla sijalala, kabla mvua haijaanza. Upande wa kulia mwanafunzi anaandika “before he entered”, “before I slept”, “before the rain started”. Chini yake nimeweka njia ya pili, “kabla ya polisi kufika”, ambayo haina ukanushi na huwafikisha mahali palepale kwa urahisi zaidi. Nimewashauri waizoee hii ya pili wanapofikiria sentensi kwa Kiswahili kwanza. Na wote hufikiria kwa Kiswahili kwanza, hata wale wanaokataa.

Kuna tawi moja linalostahili mstari wake. “Kabla sijamkamata” inaweza kumaanisha baadaye nilimkamata, au kwamba alinitoroka kabisa. Kiingereza hupenda kuzitenga: “before I caught him” ni ya aliyekamatwa, “before I could catch him” ni ya aliyetoroka. Kwenye ripoti ya wizi huwezi kuacha hilo likae hewani.

Until haijahitaji ukurasa mzima. “Sikufungua geti mpaka aliponionyesha kitambulisho” inaingia moja kwa moja: “I did not open the gate until he showed me his ID.” Hakuna aliyekosea. Mistari mitatu, nikasonga mbele.

Jumatatu: msururu wa -ka-

Kosa hili halitokani na kiunganishi chenyewe, ila hutokea hatua moja baada yake, kwa hiyo limeingia kijitabuni. Mfano wa kawaida:

“When I heard the noise, I went outside and see two men and shout at them.”

Nusu ya kwanza ni sahihi, na “went” ni sahihi. Baada ya hapo vitenzi vinavua nguo ya wakati uliopita. Sababu ni kwamba kwetu mtu husema “niliposikia kelele nilitoka nje nikaona watu wawili nikawapigia kelele”. -li- hutokea mwanzoni, halafu -ka- hufuata tu bila kubeba wakati wake yenyewe. Darasani nimelieleza kwa matatu: katika -ka- abiria wa kwanza amewalipia wenzake wote, lakini kwenye Kiingereza kila kitenzi hulipa nauli yake. “I went outside and saw two men and shouted at them.” Maelezo haya yameshika kuliko yote niliyojaribu. Sasa mtu akisahau, wenzake humkumbusha, “Nauli!”

Jingine dogo la ukoo huohuo ni “ndipo”. “Baada ya kufunga geti ndipo nikaenda kupiga raundi” hugeuka “After I locked the gate then I went for patrol.” Hilo “then” halina kazi, maana “after” imeshasema yote. Wanalifuta kwa kalamu nyekundu. Na mkato huwekwa pale kishazi cha wakati kinapotangulia. Kikija nyuma, hakuna mkato. Sitaongeza zaidi juu ya mikato, haijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Alhamisi: alikuwa ame-

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikiiandaa tangu mwanzo, na ndiyo itakayochukua kurasa nyingi.

Vitabu vingi vya shule hufundisha uliopita timilifu, ile ya had, kana kwamba ni kitu kigeni kabisa kwa Mswahili. Si kigeni. Sisi tunacho chetu, tena cha vipande viwili kama chao: alikuwa ameondoka, “he had left”. Ukiongeza -sha-, alikuwa ameshaondoka, unapata “he had already left”. Mwanafunzi akionyeshwa daraja hili anavuka siku hiyohiyo. “Nilipofika, wezi walikuwa wameshakimbia”: “When I arrived, the thieves had already run away.” Kwa siku kadhaa darasa liliona had ni kitu cha bure.

Halafu madaftari yakaanza kurudi na hizi:

“When I went to the back, a man had stood near the wall.”

“He had worn a black jacket and had held a panga.”

“When the supervisor came, the other guard had slept.”

Kila moja imefuata daraja kwa uaminifu: alikuwa amesimama, alikuwa amevaa, alikuwa ameshika, alikuwa amelala. Na kila moja inasema kisichokusudiwa. “Had stood” inamwacha msomaji aamini kwamba yule mtu alisimama pale mapema na wakati wa kukutwa ameshaondoka. “Had slept” inasema mlinzi mwenzake alishalala usingizi wake akaamka. Hilo lingemfurahisha huyo mwenzake, lakini halikuwa kweli.

Chanzo ni -me- yenyewe. Kwa vitenzi kama kuondoka, kufika, kuvunja, kuiba, -me- hueleza tendo lililokamilika. Kwa vitenzi kama kusimama, kukaa, kulala, kuvaa, kushika, kubeba, kujificha, kuegemea, kuchoka, kulewa, -me- hueleza hali ambayo mtu yumo ndani yake. Amesimama maana yake yuko wima sasa hivi. Kiingereza hugawa kazi hizi mbili: tendo lililokwisha huenda kwa had, na hali inayoendelea huenda kwa was na -ing, au was na kivumishi. Kwa hiyo “a man was standing near the wall”, “he was wearing a black jacket and was holding a panga”, “the other guard was asleep”, “he was drunk”.

Swali lilikuwa jinsi ya kumpa mwanafunzi kipimo asichohitaji kukariri. Orodha ya vitenzi hainifurahishi, kwani orodha husahaulika. Kipimo nilichokubali ni neno “bado”. Liweke mbele ya kitenzi cha -me- usikilize. Bado amesimama: yaenda. Bado amevaa, bado ameshika, bado amelala, bado amejificha, bado amelewa: zote zaenda. Bado ameondoka: hapana, sikio linakataa. Bado amefika, bado ameiba, bado amevunja kufuli: hapana. Sikio likikubali, tumia was. Likikataa, tumia had. Hakuna kanuni ya Kiingereza inayohitajika hapo. Mzaliwa wa lugha anapimwa na lugha yake mwenyewe, na sijaona aliyetoa majibu tofauti na mwenzake, awe wa Kisauni au wa Likoni.

Kipimo kinafika mbali kuliko nilivyotegemea. “Gari lilikuwa limeegeshwa nje”: bado limeegeshwa, yaenda, basi “a car was parked outside”. “Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli”: bado umefungwa, basi “the door was locked”. Ila hapa pana nafasi ya kuchagua, na uchaguzi huo una maana kazini. “Geti lilikuwa limefunguliwa” inaweza kuwa “the gate was open”, hali tu, au “the gate had been opened”, kuna mtu alilifungua. Ya pili humfanya msomaji aulize ni nani.

Tulipofika hapo, mlinzi mmoja wa ghala, mtu wa makamo asiyesema sana, alirudi kwenye zile sentensi tatu za lori.

“Mwalimu, ile ya tatu mimi siiandiki.”

“Kwa nini, kaka?”

“Lori halijafika, geti nimeshafungua, na chini pana sahihi yangu? Hiyo ni kesi.”

Dada mmoja wa mapokezi akamwuliza, “Na kama ndivyo ilivyokuwa?”

“Basi nitaandika the gate was open.”

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka nao, maana hakuna aliyewahi kunionyesha kwa ufupi hivyo kwamba ameelewa somo. Nimeuweka mfano huo kijitabuni pamoja na maelezo ya kila sentensi inasema nini na haisemi nini. Kijitabu hakifundishi kudanganya, wala hakimlazimishi mtu kujishitaki bila kujua.

Jumamosi: when na while

Sehemu nyepesi. “Alipofungua” huenda na “when he opened”, na “alipokuwa akifungua” huenda na “while he was opening” au “when he was opening”. While inataka tendo lenye urefu. “While the lorry reached the gate” haisimami, kwa kuwa kufika ni kwa ghafla. Vitenzi vya kujua, kuamini na kumiliki havipendi -ing: “when I knew the truth”, kamwe si “while I was knowing”. Nimeweka mifano michache tu.

During imeingia kwa mlango wa nyuma, kwani huchanganywa na while. Kiswahili kinasaidia tena: “wakati wa zamu” ina jina mbele yake, basi “during the shift”, “wakati nilipokuwa zamuni” ina kitenzi, basi “while I was on shift”.

By the time ndiyo iliyonichukua asubuhi nzima. Madaftarini inatumika kama “wakati” wa kawaida: “By the time I was in the toilet, somebody entered.” Mwandishi alitaka while. By the time inamaanisha kwamba kufikia saa fulani jambo jingine lilikuwa limeshakamilika, ndiyo maana mara nyingi huandamana na had: “By the time the police arrived, the thieves had escaped.” Njia ya kuijaribu ni kuweka “tayari” katika kishazi kikuu cha Kiswahili. Ikikaa vizuri, by the time ni halali. Isipokaa, rudi kwa when au while.

Kinyume chake ni had iliyotumika kupita kiasi. Penye before na after, kiunganishi chenyewe kimeshaonyesha lipi lilitangulia, kwa hiyo “after he locked the gate, he called me” ni sawa kabisa bila had. Had hulipa pale penye when, kwa sababu when haisemi lipi lilianza. “When he locked the gate, he called me” inaacha shaka ndogo, na “when he had locked the gate, he called me” haiachi yoyote.

Jumanne: jambo la saa

Halikuwa kwenye mpango, lakini haliwezi kuachwa. Kiunganishi kikiwa sahihi na saa ikiwa mbovu, ripoti bado ni mbovu. Saa nane usiku ya Kiswahili ni saa 2 ya Kiingereza, na kwenye OB huandikwa 0200. Mlinzi akiandika “at 8 p.m., while I was doing my patrol”, amesogeza tukio saa sita nyuma, likaangukia zamu ya mwanzo. Wengi wa zamani kazini hawakosei, wameshazoea tarakimu nne. Wageni hukosea. Nimechora saa moja yenye nyuso mbili nikaiweka ndani ya jalada, pamoja na maelezo ya “usiku wa kuamkia Jumapili”, ambao kwa Kiingereza ni Saturday night mpaka saa sita ya usiku, na baada ya hapo tarehe inabadilika.

Ijumaa: majaribio darasani

Zoezi la mwisho wa kijitabu limejaribiwa. Mwanafunzi anapewa ripoti fupi, na badala ya kuulizwa sarufi anaulizwa maswali ya mpelelezi. Ripoti yenyewe:

“While I was signing in a visitor at the main gate, I heard glass breaking. As soon as I reached the back, I saw that somebody had broken the store window. A man was standing inside. He was holding a bag. Before I could switch on my torch, he ran out through the kitchen. By the time my colleague arrived, the man had climbed over the fence.”

Maswali: Kioo kilipovunjika, mlinzi alikuwa wapi? Alimwona mtu akivunja dirisha? Mtu huyo alikuwa ndani wakati mlinzi alipofika? Tochi iliwaka kabla hajakimbia? Mlinzi wa pili alimwona mwizi?

Majibu mengi yalikuwa sahihi. Lililogawanya darasa ni la pili. Baadhi walisisitiza kwamba mlinzi aliona dirisha likivunjwa kwa sababu imeandikwa “I saw”. Ilibidi tusome polepole: alichoona ni matokeo, had broken inasema tendo lilikwisha kabla yake. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko somo zima, na sikuyakatiza. Nimeongeza ripoti ya pili inayofanana, yenye “I saw somebody breaking the window”, ziwekwe ukurasa mmoja zitazamane.

Zoezi la “bado” limepita bila marekebisho. La nauli limepita. La before limebaki na wachache wanaorudia “did not”, hasa wanapoandika haraka, kwa hiyo nitaligawa mara mbili na kulirudisha kuelekea mwisho.

Hali ilivyo sasa

Kurasa za before, until, when, while, by the time na alikuwa ame- zimekamilika. Ukurasa wa since bado haujaandikwa. Wapokezi wa hoteli wameomba mifano yao, kwa kuwa wao hawakimbizi wezi, ila huandika malalamiko ya wageni: “When the guest checked in, the room had not been cleaned.” Nitaigawa mifano nusu kwa nusu.

Kinachofuata ni maneno ya kunukuu, yaani “he said he would call me when he arrived”. Hapo when inazungumzia jambo ambalo lilikuwa halijatokea na bado kitenzi chake kiko wakati uliopita, na darasa limeshaanza kuandika “when he would arrive”. Uchapishaji utafanyika duka la fotokopi la karibu na soko, karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, jalada la rangi ya manjano lisipotee mezani pa mlinzi.